Nimemwekea mdogo wangu programu ya kuhesabu choo: inamsaidia kweli?

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi nipo Dar, nina mdogo wangu wa kiume wa miaka 22 anayesoma chuo Dodoma. Aliharisha damu karibu mwaka mzima, akatibiwa amiba mara tatu na taifodi mara mbili, mpaka alipopimwa kwa kamera ndipo ikaonekana ana kolaitisi ya vidonda, ugonjwa wa kudumu wa utumbo mpana. Anatumia mesalazini, dawa ya kutuliza uvimbe wa utumbo. Nikampakulia programu kwenye simu yake ili ajaze kila siku choo mara ngapi, rangi yake, maumivu, chakula, usingizi na mawazo. Nenosiri ninalo na mimi, kila usiku nafungua kuangalia. Mwanzo alijaza vizuri. Kisha programu ikamwonyesha kwamba maharage, maziwa, mchicha na embe vinamdhuru. Sasa anakula wali mweupe na chai ya rangi, amepungua kilo 4, na mwezi huu hajajaza kitu. Tukipigiana simu tunaishia kugombana. Je, programu hizi zina faida ya kweli au ni biashara ya watu? Na kama zina faida, ipi nimwekee?

JIBU: Marahaba mwanangu. Poleni sana, wewe na yeye. Kuharisha damu mwaka mzima huku unaambiwa ni amiba ni mateso, na kwa kijana wa bweni, choo kimoja watu ishirini, ni aibu juu ya mateso.

Jibu lenyewe ni hili: zinasaidia, lakini kwa sharti. Lazima upande wa pili awepo mtu wa hospitali anayesoma kile mgonjwa anachojaza, na muwe mmekubaliana mapema nini kifanyike namba zikibadilika. Likikosekana hilo, programu inabaki kuwa daftari lenye kengele. Daftari lenye kengele si haba, nami nitakueleza namna ya kulitumia. Tatizo la nyumbani kwenu ni kwamba daftari limepewa kazi ya daktari, ya mtaalamu wa lishe, na ya dada mkubwa, zote kwa pamoja.

Sisemi haya kwa kubahatisha. Mwaka 2010 watafiti wa Denmark na Ireland walichapisha matokeo ya wagonjwa 333 wenye ugonjwa huu huu wa mdogo wako. Kundi moja lilifundishwa ugonjwa, likapewa ukurasa wa intaneti wa kujipima, na dalili zikiamka mgonjwa alianza mwenyewe tiba kwa mpango aliokwisha kukubaliana na daktari wake. Kwa upande wa Denmark, ugonjwa ulipoamka kwa watu hao ulidumu siku 18. Kwa wenzao waliofuata kliniki za kawaida ulidumu siku 77. Hebu zihesabu hizo siku zilizookolewa: karibu miezi miwili ya kukimbilia choo, kutoka damu na kukosa vipindi.

Uholanzi nao mwaka 2017 walitoa matokeo ya wagonjwa 909 wa hospitali nne waliofuatiliwa mwaka mzima. Waliotumia programu walikwenda kliniki mara 1.55 kwa wastani badala ya 2.34, na kulazwa kulipungua kwa nusu. Idadi ya mara ugonjwa ulivyoamka haikutofautiana, ila watu walipata huduma ile ile bila kupanga foleni. Halafu Marekani, mwaka 2019, wagonjwa 348 wa vituo vitatu walifuatiliwa, baadhi yao wakitumiwa meseji za maswali kila wiki au kila baada ya wiki mbili. Mwisho wa mwaka ukali wa ugonjwa wao ulikuwa sawa na wa wenzao wasiotumiwa meseji.

Kwa nini Denmark siku zikapungua kiasi kile, na Marekani ukali usitofautiane? Nionavyo mimi, yule wa Denmark alipoona damu alijua hatua inayofuata. Alikuwa na dawa mkononi, ruhusa ya kuiongeza, na namba ya kupiga. Mgonjwa akiulizwa kila siku “unaumwa?” bila kupewa la kufanya, swali lenyewe linakuwa mzigo. Nadhani ndicho kilichomchosha mdogo wako. Amejaza wiki kadhaa na hakuna aliyemjibu, isipokuwa mashine iliyomnyang'anya maharage.

Sasa, nini kijazwe. Vichache. Mwaka 1955 madaktari wawili wa Oxford, Truelove na Witts, waliweka kipimo cha kumtambua mgonjwa aliyezidiwa: choo chenye damu mara 6 au zaidi kwa siku, pamoja na angalau kimojawapo kati ya homa inayozidi 37.8, mapigo ya moyo yanayozidi 90 kwa dakika, wingi wa damu chini ya 10.5, au kipimo cha damu cha uvimbe kilichopanda. Kipimo hicho kimepita zaidi ya miaka sitini na bado tunakitumia wodini. Tazama basi kinachohitajika: kuhesabu choo, kuangalia damu, kipimajoto, na vidole viwili juu ya mshipa wa mkono. Rangi ya choo na alama za usingizi hazimo.

Kwa mdogo wako ningetaka mstari mmoja tu kila usiku kabla ya kulala: “Choo 4, usiku 1, damu hapana, dozi zote.” Basi. Inachukua muda mfupi kuliko kujibu salamu ya WhatsApp, na hata mwenye kitochi anaweza kuuandika kwenye meseji akaiacha humo humo. Jumapili aongeze uzito. Hiyo “usiku” usiidharau, kwa sababu tumbo linalosumbuliwa na mawazo au gesi kwa kawaida humwacha mtu alale. Tumbo lenye vidonda vilivyoamka humwamsha saa tisa usiku. Nikiona usiku 0 imekuwa usiku 2 kwa siku nne mfululizo, nampigia mgonjwa hata kama hajaniambia kitu.

Kuna jambo la lugha pia, nalo linaniuma. Programu nyingi za ugonjwa huu zimeandikwa kwa Kiingereza. Niliwahi kumhudumia dada mmoja aliyejaza “hakuna damu” kwa wiki sita. Siku aliyokuja nikamwuliza kwa maneno yetu: “Ukijifuta, karatasi inatoka na nini?” Akasema, “Utelezi, kama kamasi, una uwekundu kidogo.” Wiki zote sita ilikuwa damu. Yeye alidhani wanauliza damu inayotiririka. Mwingine alishindwa kabisa na swali la kubanwa ghafla, akajaza sifuri, wakati kila asubuhi alikuwa akikimbia na mara mbili alishachafua nguo kabla ya kufika. Kwa hiyo programu yoyote mtakayotumia, kaeni na muuguzi au daktari mpitie kila swali kwa Kiswahili, mjue linamaanisha nini. Nusu saa hiyo ina thamani kuliko programu yenyewe.

Chakula sasa. Hapa nitakuwa mkali kidogo, unisamehe. Hiyo orodha ya vyakula vinavyomdhuru ifutwe. Programu inatazama alichokula saa chache kabla ya kuumwa na kumtwisha lawama. Lakini chakula huchukua siku moja, mbili, hata tatu, kupita kutoka mdomoni hadi mwisho wa safari. Maharage ya jana mchana huenda bado yamo njiani leo. Na siku ugonjwa umeamka, kila alichokula kitaonekana kina hatia, hata maji. Maharage yanaleta gesi, ni kweli, lakini gesi haichimbi vidonda. Maziwa nayo watu wazima wengi wa kwetu hawayawezi, kwa kuwa miili yetu hupunguza kimeng'enya cha kuyasaga tukishaacha kunyonya. Yanaweza kumharisha, lakini hayamtoi damu, na wengi wakibadili wakanywa mtindi wanakaa vizuri.

Hakuna chakula kimoja kilichothibitishwa kuwa kinaponya kolaitisi ya vidonda, wala kimoja kinachoisababisha kwa watu wote. Kinachonitisha mimi ni hizo kilo 4. Kijana anayepoteza damu na anakula wali mtupu anaelekea kwenye upungufu wa damu. Apimwe wingi wa damu wiki hii. Vyakula avirudishe kimoja kimoja: leo mchicha uliopikwa ukalainika, akae nao siku tatu, kisha embe lililomenywa, kisha maharage kidogo yaliyoiva sana. Kipindi tumbo linamsokota anaweza kupunguza maganda, mbegu na vyakula vya nyuzi ngumu, lakini apunguze kwa muda tu. Protini isikosekane: mayai, samaki, nyama laini, karanga zilizosagwa kama anaziweza.

Jingine ambalo programu ya Ulaya hailijui ni amiba. Huko mtu mwenye kolaitisi akianza kuharisha damu, dhana ya kwanza ni kwamba ugonjwa umeamka, na mpango unaweza kumwambia aanze prednisoloni, dawa kali ya kutuliza uvimbe. Kwetu sisi mgonjwa huyo huyo anaweza kuwa amepata amiba ya kweli kutoka kwenye maji, na prednisoloni juu ya amiba ni hatari kubwa, kwa kuwa dawa hiyo hushusha kinga na kuwaachia wadudu utumbo wote. Kwa miaka mingi tumewakosea wagonjwa kwa kuita kila damu amiba. Tusije tukageuka kuwakosea kwa kuita kila damu kolaitisi. Choo kipelekwe maabara kwanza, kikiwa bado kibichi, kisha ndipo iamuliwe. Hiyo hatua iandikwe kwenye mpango wake kwa herufi kubwa, na asinunue flajili dukani kwa mazoea.

Kazi ambayo simu inaifanya vizuri kuliko sisi sote ni kukumbusha dawa. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofuatilia wagonjwa 99 ambao ugonjwa wao ulikuwa umelala na wote wanatumia mesalazini. Baada ya miaka miwili, kati ya waliozingatia dawa, 89 kwa kila 100 walikuwa bado salama. Kati ya wasiozingatia, 39 tu. Na wanaoacha si wakaidi. Wengi huacha kwa sababu wamepona, yaani wanajiona wamepona. Damu imekata, anakula, anacheza mpira, vidonge ni ghali, kwa nini ameze? Mesalazini kazi yake kubwa ni hapo hapo, kuulinda usingizi wa ugonjwa. Ukiniambia nimchagulie mdogo wako kitu kimoja tu kwenye simu, nitachagua kengele ya dawa.

Lakini hiyo kengele itegwe kwa adabu. Kijana mmoja aliwahi kuniambia kwa nini alifuta programu yake. Simu ilikuwa juu ya meza ya semina, kioo kikawaka: “Leo umepata choo mara ngapi?” Wenzake wawili wakasoma kabla hajaifunika. Hakurudi kwenye semina ile wiki mbili. Kwa hiyo atumie saa ya kawaida ya simu na aipe jina analolijua mwenyewe, kwa mfano “chaja”. Kama ni programu, azime maandishi yanayotokea kioo kikiwa kimefungwa.

Na kwenye mstari wake wa usiku aongeze dawa yoyote ya dukani aliyomeza, hasa diklofenaki na ibuprofeni. Vijana wanazimeza kwa maumivu ya mgongo na magoti kama pipi, na kwa baadhi ya wagonjwa ndizo zinazouamsha ugonjwa. Akiumwa kichwa, parasetamoli inamfaa zaidi.

Nije kwako sasa, mwanangu. Nenosiri mrudishie. Najua umeliweka kwa upendo, na najua kila usiku unafungua kwa hofu. Lakini fikiria yeye anavyoiona: mtu mzima wa miaka 22, dada yake anasoma amekwenda chooni mara ngapi. Kunyamaza kwake mwezi huu huenda si uvivu. Inawezekana ugonjwa umeamka na hataki uone. Ndivyo wengi wanavyofanya, wanaacha kujaza hasa siku zile ambazo kujaza kuna maana. Mpigie, mwombe radhi kwa kifupi, halafu mwulize angependa nani asome mstari wake. Akisema muuguzi wa kliniki, iwe hivyo. Akisema wewe, akutumie mwenyewe Jumapili, akitaka.

Kuhusu usiri, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya zimewekwa humo kwenye kundi nyeti. Ila sheria haimfikii kirahisi mwenye programu ya bure aliyeko nchi nyingine. Programu ikimwomba namba za watu wote kwenye simu, mahali alipo saa zote, na kuingia kwa akaunti ya mtandao wa kijamii ili tu ahesabu choo, aiondoe.

Utakuwa umesikia pia habari za kupima choo kwa kamera ya simu. Ni kweli ipo. Kuna protini inaitwa kalprotektini, inayotoka kwenye chembe nyeupe za damu zinapokusanyika utumboni, na Ulaya kuna vifaa vya kuipima nyumbani: mgonjwa anachukua sampuli kidogo, anaitia kwenye kifaa kidogo cha plastiki, kamera ya simu inasoma mistari. Kwa kawaida chini ya 50 utumbo umetulia, juu ya 250 kuna uvimbe unaoendelea. Kinanivutia kipimo hiki kwa sababu dalili hudanganya pande zote mbili: mtu anaumwa tumbo na utumbo ni mzima, mwingine anacheka na utumbo unawaka. Lakini hamhitaji simu ya kamera kwa hilo. Waulizeni madaktari wake kipimo cha maabara cha kalprotektini, hata mara moja au mbili kwa mwaka, na bei yake, kisha mlinganishe na mistari yake ya usiku.

Safari nayo isisahaulike. Australia serikali yao ina ramani ya vyoo vya umma ambayo mtu anaifungua kwenye simu. Sisi tuna konda anayesimamisha basi watu wakachimbe dawa, na mgonjwa wa kolaitisi hawezi kumsubiri konda. Mdogo wako ajichoree ramani yake: kwenye programu ya ramani iliyomo tayari kwenye simu, atie alama kila choo safi anachokijua, chuoni, sokoni, vituo vya mafuta, misikitini na makanisani ambako wanamruhusu. Dodoma kuja Dar, treni ya umeme ina vyoo ndani. Kwa mgonjwa huyu tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya nauli.

Na tarehe moja ya mbali aiweke kwenye kalenda ya simu leo: mwaka wa nane tangu dalili zilipoanza. Kuanzia hapo anahitaji kurudia kile kipimo cha kamera ya utumboni kwa ratiba atakayopangiwa, kwa ajili ya kuwahi mabadiliko ya saratani. Kadi ya kliniki itakuwa imepotea kufikia wakati huo.

Ipi umwekee? Yoyote nyepesi isiyomtoza fedha, isiyomshauri chakula, inayomruhusu kutoa taarifa zake kwenye ukurasa mmoja wa kumwonyesha daktari. Asipoipata, mstari wa meseji unatosha. Kwanza apate mpango wa maandishi kutoka kwa daktari wake, wa rangi tatu. Kijani, anaendelea na dozi yake. Njano, kwa mfano damu siku tatu mfululizo au choo kimezidi mara mbili ya kawaida yake, anapiga simu kliniki na kupeleka choo maabara. Nyekundu ni ile hesabu ya 1955, au tumbo limevimba na kuuma sana: anakwenda hospitali siku hiyo hiyo, usiku au mchana, na asimeze dawa ya kufunga choo njiani. Akaupige picha ukurasa huo, aiweke kwenye simu, na nakala ampe rafiki mmoja wa bwenini anayemwamini.

Kwa kuwa mwezi huu hajajaza na uzito unashuka, msisubiri tarehe ya kliniki. Aende wiki hii, akiwa na kumbukumbu ya siku saba za mwisho hata kama ni ya kichwani. Ukiweza kusafiri, nenda naye. Mkifika mlangoni mwulize kama anataka uingie au umsubiri nje kwenye benchi.